Cheti cha Tisa

Niliagizwa vyeti vinane, karatasi nzito,
ukingo wa dhahabu, chini muhuri wa mtaa.
"Wageni wanaondoka kesho," alisema katibu,
"wasiondoke mikono mitupu."
Umeme ulikatika saa mbili. Ndiyo Goma.
Nikakopa jenereta ya Mugisho,
nikaketi kibandani mwangu Birere, nikaanza:
Tunawashukuru Wasaientolojia.

Kompyuta ikalipigia neno mstari mwekundu.
Nikaongeza herufi. Mstari. Nikapunguza. Mstari.
Ni jina la dini yao, nikaiambia, liache.
Hata mimi silielewi. Kitabu walichonipa
kiko chini ya mguu mfupi wa meza hii,
na Mungu anajua sikukiweka kwa dharau:
vyeti havitaki meza inayoyumba.

Ninachokielewa ni hiki.
Mlima ulipotema moto, barabara ya Kibati
ikalala chini ya jiwe lenye joto la chungu,
walikuja wanane, fulana za njano,
hawakuuliza nani anasali wapi.
Mmoja, mzee mwenye mgongo mbovu,
alichimba choo Munigi. Choo, kwenye lava!
Ukitaka shimo la kufika goti
leta nyundo, leta siku tatu.
Viganja vikamtoka malengelenge,
akavifunga vitambaa, akaendelea.
Na binti mmoja, Kiswahili chake chote "pole",
alikaa na mama aliyepotelewa na watoto
tangu asubuhi hadi giza, akisema pole,
pole,
kila mara kama neno jipya.

Kwa hiyo niliandika. Majina yao
niliyanakili herufi kwa herufi,
kama mtu avukaye mawe yale pekupeku.
Nikachapa nane. Mashine ikatoa tisa.

La tisa lilikuwa na kila kitu,
dhahabu, shukrani, muhuri,
ila jina. Na wino ni ghali.

Nani alimletea mzee maji ya kunawa viganja?
Nani alimweleza binti kwamba mama yule halii,
anahesabu: wanne, watatu, wanne?
Kavira wa chukudu. Mwanamke, ndiyo,
tangu mumewe aende Walikale asirudi.
Safari kumi na moja kutoka ziwani, madumu sita sita,
na ya kumi na mbili akampakia bibi wa watu
aliyeshindwa kutembea.
Hakuvaa njano. Alivaa kitenge cha kuku
kilichopauka hadi kuku wakawa vivuli.

Kavira Nzanzu, nikaandika.
Mstari mwekundu.
Nikacheka peke yangu usiku ule.

Asubuhi, viti vya plastiki, hotuba ndefu.
Mzee alipokea chake kwa mikono miwili,
makovu juu ya dhahabu, midomo ikimtetemeka.
Sikuona aibu kwa lolote nililoliandika.
Kisha chefu akafika cha tisa, akakohoa,
akalisoma jina kama mtu alamaye dawa.
Hakuna aliyesimama.
Nje, Kavira alikuwa akiteremka na kabichi,
na chukudu ikishashika mteremko
haisimami kwa ajili ya hotuba.
Binti wa pole akageuka, akamwona akipita,
akapiga makofi peke yake, muda mrefu.

Jioni Kavira alikuja kibandani, vumbi hadi kwenye kope.
"Karatasi ya nini?"
"Ya shukrani."
"Mvua ikiigusa?"
Nikaivisha plastiki, bure.
Akaitazama. "Jina langu umelipatia," akasema.
Kisha akaniuliza kama wale wa njano
walikula chochote kabla ya safari.